Vitambaa Vilivyoanikwa Bila Kitenge

Asubuhi hiyo niliondoka kama nilivyozoea kuondoka: mkoba begani, bila kujua naenda wapi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijaweza kukaa mahali pamoja. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Gihosha, kwenye parseli, ua mmoja wa wapangaji wengi, choo kimoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Sikufika getini.

Jirani yangu, binti fundi cherehani wa miaka ishirini na miwili, alikuwa chini kando ya bomba. Dada yake mkubwa alimshika nywele. Mume wa dada alimpiga mateke ya tumbo, akihema kama mtu anayepasua kuni.

"Sema ni ya nani!" dada alipiga kelele.

"Uliza bwana yako! Alinifungia mulango, akanikamata kwa nguvu!"

Dada akampiga kinywani. Jino likaangukia kwenye maji ya sabuni.

Kamba ndiyo iliyomchongea. Pale parselini wanawake huanika vitambaa vyao vya mwezi chini ya kitenge, jua lipite na macho yasione. Vya kwake havikuonekana tena kambani, majirani wakaanza kuhesabu siku. Kisha hofu ikamshika, akalowesha vitambaa visafi na kuvianika wazi ili kila mtu avione. Hapo ndipo wote walipojua ana mimba. Hakuna mwenye damu anayeanika bila kitenge.

Wapangaji walisimama milangoni, hakuna aliyesogea. Nikamkaba shemeji yake kwa nyuma. Akanipiga kichwa, pua ikapasuka. Nikaokota tofali nikamshindilia begani. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Akiwa amepiga magoti alianza kupayuka: "Muite polisi! Muuaji huyu, ametoa mimba!"

Damu ilikuwa imeanza kushuka miguuni mwa binti. Kwa mateke ya shemeji huyohuyo. Lakini kwetu mwanamke anayetoa mimba hufungwa, na polisi wangeiona damu, wasiuone mguu uliopiga.

Nikamwinua, na nje ya geti nikasema, "Twende hospitali."

"Apana. Nitatoka pale na pingu."

Napenda redio na maneno ya wasafiri. Nilijua Rwanda wamelegeza sheria, ila mpaka ulikuwa umefungwa. Tanzania ni mbali, na huko pia hawaruhusu mpaka mama awe hatarini kufa. Kongo, wachuuzi wa mtaa wa Asiatique walishaniambia, aliyebakwa anaweza kutibiwa bila kuitwa muuaji. Na Kongo ni hapo tu, ukishavuka mpaka wa Gatumba. Nikamfunga kitenge juu ya kingine kuficha damu, tukapanda teksi.

Mpakani askari alimtazama mdomo.

"Ni bibi yako?"

"Ndiyo."

"Umemupiga we?"

"Ni mimi."

Akacheka. "Sasa na we, alikupiga pua? Muko sawa! Piteni."

Sijawahi kusema uongo uliopokelewa kwa furaha namna ile.

Hospitalini Uvira, ng'ambo ya mpaka, daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito. Alinizuia mlangoni.

"Ni huyu amekupiga?"

"Apana, docteur. Huyu ni wa tofali."

Nikabaki nje, nikimsikia binti akilia ndani. Daktari alipotoka alikuwa anakausha mikono. "Mimba imetoka. Nimemusafisha, ataishi. Mutafutie pa kulala." Sikusikia neno polisi.

Mjane mmoja alikuwa na vyumba vya kupangisha karibu na ziwa.

"Chumba kimoja?"

"Viwili, mama."

Aliuona mkononi mwangu mfuko wa vitenge na vitambaa vya damu tuliotoka nao kwa daktari, akaunyakua bila kuuliza. Akaloweka vitenge kwenye beseni, akavisugua vitambaa uani, akaanza kuvianika mbele ya majirani.

Mgonjwa akainuka kitini, akishika tumbo. "Mama, weka kitenge juu! Watu wataona!"

"Kitenge gani? Vyako vimejaa damu, vingali kwa beseni. Waone, kwani wao hawafui? Kaa chini, binti yangu."

Akakaa. Alilitazama geti muda mrefu, kama anayengoja mtu wa kuingia na mateke. Kuku tu ndiye aliyeingia. Ndipo akaniuliza chumba chake ni kipi.