Siku Niliyoeleza Mazuku Nusu

Vita vilipokata waya wa umeme upande wa Kalengera, Goma nzima ilirudi kwenye jenereta. Mimi nilikuwa karani mpya wa ofisi ya mazingira ya mkoa, na kazi yangu ilikuwa kupita mtaa kwa mtaa nikiuliza kila mwenye mashine anachoma mazuti, yaani dizeli, lita ngapi kwa siku. Serikali ilitaka kujua umeme wetu unatoa gesi kiasi gani, ili vita vikitulia ivute umeme wa maji hadi kwenye vinu vya unga, na mashine za mazuti zipumzike. Watu walinicheka usoni. Wakimbizi wanaingia kwa maelfu kutoka Sake, na huyu anahesabu moshi! Mimi niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilikuwa na udadisi wa mbuzi, lazima niingize pua kila mahali, na kila nilichojifunza jana nilitaka kumfundisha mtu leo.

Mugunga, pembeni ya kambi, kulikuwa na kinu cha mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa kuliko mashine yake. Siku niliyofika, foleni ya wakimbizi wenye mahindi ilikuwa ndefu. Nyuma tu ya kinu, muzee mmoja mfugaji kutoka milima ya Masisi alikuwa amepiga hema lake. Ng'ombe wake wote walikuwa wamebaki kule vitani. Alikuwa amefika na mke wake, mjukuu wa mwaka mmoja na mbuzi wawili. Alinitazama nikipima pipa la mazuti, akasogea.

"Madame, unatafuta nini mu hii mashini?"

Hakuna swali lililonifurahisha kama hilo. Nikamweleza kwamba mazuti yakiungua yanatoa gesi, kwamba gesi hiyo inapanda angani na kuharibu mvua na misimu. Nikaona haelewi. Basi nikatafuta mfano wa karibu, nikajiona hodari kweli.

"Muzee, ni gaz moja na ile ya mazuku."

"Mazuku ni nini?"

"Hewa mubaya ya hapa kwetu. Haina rangi, haina harufu. Mutu analala, haamuke tena."

Sikudanganya, gesi ni ileile. Lakini mtu wa Goma anayajua mazuku tangu utotoni: yanatoka ardhini, kwenye miamba ya volkano, na kwa kuwa ni mazito yanatuama mashimoni, hasa upepo ukitulia. Mama yako anakukataza kushuka shimo fulani na mambo yanaisha hapo. Ilikuwa haijanipitia akilini kwamba mtu anaweza kukosa kujua yanakaa wapi. Muzee alitazama bomba la moshi la kinu, akatazama hema lake, akanishukuru sana. Nilirudi mjini nimevimba kichwa.

Kesho yake asubuhi nilirudi kuchukua hesabu iliyobaki. Nyuma ya kinu palikuwa wazi. Nikauliza muzee na watu wake wamekwenda wapi.

"Si wewe njo uliwafukuza?" mama wa kinu akasema. "Jana magaribi nilikuwa nimeenda sokoni. Nimerudi, banabeba vyote. Banasema wewe uliambia muzee mashini yangu iko naua batu. Eti banaenda kule chini, kwenye majani ya kijani, fasi yenye haina moshi."

Kule chini. Nililijua shimo lile. Nilitupa fomu zangu nikakimbia juu ya mawe makali ya lava, kiatu kimoja kikabaki njiani, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi.

Niliwaona mbuzi kwanza. Wawili, wamelala chini shimoni, miguu imekakamaa, hakuna hata nzi. Kisha nikasikia mtu anakohoa, juu, ukingoni. Muzee alikuwa ameketi kwenye mwamba akiwatazama mbuzi wake. Mke wake alikuwa amesimama, mtoto mgongoni, na kichwa cha mtoto kilikuwa kinageukageuka. Nikaketi chini nikalia.

Mke wa muzee alinieleza bila kupandisha sauti. Kwao, mtu akihama, kazi ya kwanza ni kuwasha moto. Moto ukishika ndipo vyombo vinafunguliwa. Alimlaza mtoto kwenye majani, akawasha. Moto ukazimika. Akapuliza, akawasha tena, ukazimika, na kuni zilikuwa kavu. Mara ya tatu kiberiti chenyewe kilikufa kabla ya kugusa nyasi.

"Nikasema fasi yenye inakataa moto haiwezi kuwa nyumba yetu. Nikabeba mutoto. Alikuwa amelegea, shingo haisimame." Muzee alitaka kuwarudia mbuzi, mke wake akamshika koti, wakakesha pale ukingoni.

Niliomba msamaha. Sijui niliomba mara ngapi. Kisha nikanyoosha mikono, nikamwomba mama yule nimshike mtoto, kidogo tu.

Akaikaza kanga iliyomfunga mtoto.

"Hapana, binti. Kwanza utuonyeshe yote."

Tukazunguka mpaka saa sita, shimo kwa shimo, yeye nyuma yangu, nikionyesha kwa kidole na kusema, hapa, na hapa, na pale penye majani. Wakimbizi wengine wakaanza kutufuata. Baada ya hapo nilikwenda kambini kila wiki, nikipeleka unga, nikipeleka sabuni, na mama yule alinipokea vizuri na kuniwekea kiti. Mtoto hakunipa siku ile, wala siku nyingine yoyote.