Niliua power saw moja mara mbili, na mtamba wa mama akaenda nayo

Wakuu, chamgei. Kwa wale wa mbali, hiyo ni salamu tu ya huku kwetu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, nalala. Leo nimeamua kuweka yangu, na nitaiweka yote, hata pale ninapoonekana mjinga. Mkitaka kucheka chekeni, sitakasirika.

Mimi ni wa Konoin, upande wa Mogogosiek. Naitwa Kibet, na hapo mtanisamehe, Kibet wako wengi kuliko kuku.

Nilichuma majani chai kwenye estate miaka saba. Baadaye zikaletwa zile mashine za kuvuna, na mimi nikawa mmoja wa wale waliofundishwa kuziendesha. Nilijiona nimefika. Nilikuwa nachanganya petroli na oil mwenyewe kila asubuhi, lita tano za petroli, kikombe kimoja kidogo cha oil, mililita mia. Msimamizi alikuwa mkali sana juu ya moshi. Mashine ikitoa moshi anakuja mbio anakuuliza kama unapika githeri.

Kumbukeni hayo mambo mawili, kipimo cha mia moja na moshi. Ndiyo yaliyonimaliza.

Baada ya misimu miwili wakapunguza watu na mimi nikapunguzwa. Nikarudi nyumbani kwa mama.

Mama ni mjane. Ana robo ekari ya chai, mahindi kidogo, kuku, na alikuwa na mtamba mmoja mweupe anaitwa Chelel. Mtamba alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kama hujakulia huku huwezi kuelewa mama wa Kipsigis na mtamba wa mimba ya kwanza. Alikuwa anamwongelesha. Kuna asubuhi alimsalimia Chelel kabla yangu, na hakuona kama kuna ubaya wowote.

Nikaanza kumwambia habari ya power saw, ule msumeno wa injini. Huku kila boma lina blue gum, yaani mikaratusi, viwanda vya chai vinachoma kuni mchana na usiku, na mtu mwenye power saw hakosi kazi. Nilikuwa nimeona mashine Bomet, ile ya bei nafuu, rangi ya machungwa, bar, ule upanga wa cheni, ya inchi ishirini. Nilimwambia mama nazijua hizi injini. Nilimwambia hivyo mara nyingi.

Mama akakaa na hilo neno wiki mbili, kisha akaenda kwa jirani yetu Mzee Rono na kumuuzia Chelel ili nipate pesa ya mashine.

Mzee Rono ni mtu mzuri, nataka hilo lieleweke kabla hamjaanza kumtukana. Alikuwa na shamba la blue gum chini mtoni, miti thelathini na kitu, na chifu alikuwa amesema miti iliyo karibu na mto iondolewe. Tena vijana wake wawili walikuwa wanaingia jando, na sherehe ya kutoka huku ni mwisho wa mwaka, watu mia kadhaa, sufuria kubwa kubwa, kuni za kutosha. Akaniita, na mama akiwepo.

"Kibet, hiyo miti yote, uangushe, ukate, upange. Ukimaliza kabla vijana watoke, chukua Chelel urudishe kwa mama yako. Na kile kiko ndani ya tumbo pia."

Mama akamshukuru, "Kongoi, Mzee. Huyu atamaliza mapema."

Wakuu, nilikuwa na miezi mitatu. Kwa mashine nzima hiyo ni kazi ya mwezi mmoja.

Nikanunua. Yule jamaa wa duka alinifungulia boksi, akanionyesha kila kitu. Ndani kulikuwa na kachupa ka plastiki kenye mistari ya kupimia oil na kitabu kidogo cha maelezo. Alijaribu kunieleza nikamkata. Nilimwambia, "Boss, mimi nimetoka estate." Akafunga boksi. Kale kachupa mama alikachukua akawekea dawa ya kuku, na kitabu sikukifungua.

Nikachanganya mafuta kwa kipimo changu, mia moja kwa lita tano.

Sasa hapa niwaeleze kidogo kwa wale wanaotaka kununua. Kabureta ya hizi mashine ina skrubu tatu. Ya T ni ya silence, kama mafundi wanavyoita, ili mashine isizime ukiachilia. Ya L ni ya mwendo wa chini. Ya H ni ya mwendo wa juu, pale unapokata. Ukikaza H unapunguza mafuta, ukilegeza unaongeza. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo mashine ikitoka kwa boksi inakuwa nzito kidogo, inagugumia. Kuikaza kidogo ni sawa kabisa. Kidogo ninamaanisha upana wa kucha.

Mimi nilikaza kwa sikio. Ilikuwa inagugumia na kutoa moshi, na kichwani nikamsikia yule msimamizi wa estate. Nikakaza mpaka moshi ukaisha. Nikakaza tena mpaka ikaanza kulia ile sauti nyembamba, tamu. Ilikata blue gum mpaka maranda yakanijaa kwa buti. Mzee Rono alishuka mtoni kutazama.

"Sasa hiyo inalia kama ya estate," akasema.

Nilifurahi vibaya sana.

Kitu ambacho sikuwaza, na nilikuwa nimeshika bisibisi mkononi, ni kwamba oil ya hizi injini iko ndani ya petroli. Ukipunguza petroli umepunguza oil pia. Na mimi tayari oil yangu ilikuwa nusu ya inayotakiwa.

Miti kumi ilianguka. Nilikuwa nanoa cheni kwa tupa kila nikijaza tangi, nilikuwa mwangalifu na kila kitu kingine. Mti wa kumi na moja ulikuwa mnene. Katikati ya kukata mashine ikapungua nguvu ghafla, kama mtu amekanyaga breki, ikazima. Nikavuta kamba. Kamba haikuja. Nikakaa juu ya gogo nikaiwekea mkono, ilikuwa moto mpaka nikautoa.

Niliipeleka kwa fundi mmoja Bomet, anatengeneza power saw na mashine za kukata nyasi. Akafungua exhaust, akanionyesha piston kwa tochi ya simu. Ilikuwa imekwaruzwa juu mpaka chini.

"Umechoma, bro. Ulichanganya ngapi?"

"Mia moja kwa lita tano."

"Hiyo ni ya mashine ya majani. Hii ya bei rahisi inataka mia mbili. Si hiyo iko kwa kitabu?" Akageuza mashine akaangalia kabureta. "Na nani alikaza hii H?"

Akanitazama, akaelewa, akaanza kufungua.

Mama aliuza kuku wake ili tununue piston na silinda. Aliwakamata mwenyewe asubuhi, akawafunga miguu. Nilimwambia imeharibika, lakini sikumwambia kwa nini. Aliuliza tu, "Itapona?" Nikasema itapona.

Na ilipona, wakuu. Hapo ndipo panaponiuma. Fundi aliifanya vizuri, akaisetia mwenyewe, akaniambia mbele ya mteja mwingine:

"Sikiza. Nimeiacha na moshi makusudi. Itakuwa nzito kiasi. Usiguse hiyo skrubu mpaka umalize matanki kumi, piston ikae. Ukiskia iko slow, wachana nayo. Umeskia?"

"Nimesikia."

Nilirudi mtoni nikiwa na kipimo sahihi na mashine nzima. Lakini siku zilikuwa zimeenda. Sehemu zilichukua muda kufika, kisha mvua ikanyesha siku tisa mfululizo, mteremko ule ukawa haukanyagiki. Nikabaki na wiki tatu na miti ishirini.

Siku ya kwanza nikaangusha mitatu. Mashine ilikuwa nzito, inagugumia, inatoa moshi, kila kitu fundi alichosema. Siku ya pili miwili, kwa sababu kuangusha ni haraka ila kukata vipande na kupanga ndiko kunakokula siku. Siku ya tatu mama alinishushia chai mtoni. Alisimama akihesabu miti iliyobaki kwa kidole, taratibu. Kisha akapanda.

Nilitoa bisibisi mfukoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilitembea nayo. Nilijua wakuu, sitawadanganya kwamba nilisahau. Nilikuwa kwa tangi la nne kati ya kumi. Nilijiambia nakaza kidogo tu, nimalize ile ya leo, kesho naregesha. Nikakaza, ikalia, ikaanza kukata vizuri. Nikakaza tena kidogo.

Siku hiyo nilikata mitatu. Kesho yake sikuiregesha.

Siku ya tano ilipiga kelele ya chuma kwa chuma, mara moja tu. Niliirudisha kwa fundi, akaifungua. Piston ilikuwa imevunjika, vipande vimeingia chini kwa bearing, na nyumba yenyewe ya injini imepasuka. Aliniambia nimwachie achukue sehemu chache zilizobaki nzima. Nikakataa, nikaibeba kwa gunia nikarudi nayo. Sijui nilikuwa nairudishia nini.

Nilijaribu shoka. Kwa siku nane nilijaribu shoka, na mikono yangu hata sasa hainyooki vizuri. Blue gum iliyosimama miaka ishirini haina habari na shoka ya mtu mmoja. Nikamaliza miti miwili.

Mzee Rono alishuka akanitazama nikipiga ule wa tatu. Akanishika bega.

"Wacha, mtoto. Nimeita watu wa power saw kutoka Kaplong, wanakuja kesho."

"Mzee, nipe mpaka Jumamosi."

"Vijana wanatoka Ijumaa. Umefanya kazi, naona. Lakini maneno yetu ilikuwa ni maneno." Akatoa mkono begani. "Chelel amezaa usiku wa kuamkia leo. Ni jike. Mwambie mama yako polepole."

Nilimwambia. Mama alisema "sawa", akaendelea kuchambua mboga. Baadaye nilikuta mboga zote zimechambuliwa na majani yametupwa, kwa bakuli kumebaki vijiti.

Sherehe ilifanyika Ijumaa. Mama alienda kupika na wanawake wengine, kwa sababu ni jirani na huwezi kukosa. Mimi nilikaa nyuma na wazee wa kupanga viti. Kutoka pale nilikuwa nasikia anavyoongea jikoni.

"Mtoto yangu hana makosa. Hiyo duka ya Bomet ilimuuzia mashine feki. Mara mbili imekufa! Mashine ya ukweli inaweza kufa mara mbili? Kibet amefanya estate, anajua injini. Wale ni wezi."

Wanawake wakaitikia. Mmoja akasema hata kijana wake aliuziwa simu feki. Nilisimama pale nimeshika kiti cha plastiki, na nilikuwa na nafasi ya kuingia jikoni nikasema neno moja. Nikaenda nikakipanga kile kiti.

Wakuu, funzo ni hili. Power saw ya bei nafuu si mbaya. Soma kitabu. Mililita mia mbili za oil kwa lita tano kama kitabu kimesema hivyo, hata kama ulitoka estate, hata kama ulitoka mbinguni. Moshi kidogo ni uhai wa injini. Ukisetia H, iache igugumie kidogo ukiwa nje ya mti na inyooke ukiingia ndani ya mti. Ikilia tamu bila mzigo, legeza, unaichoma. Na fundi akikwambia usiguse, acha bisibisi nyumbani.

Hilo ni la mashine. La pili sina funzo lake, nimekuja kuliomba.

Leo ni Jumapili. Tangu tutoke kanisani mama amekuwa akinitafutia ile risiti, ameipata ndani ya mfuko wa koti langu. Amepiga pasi gauni lake la mikutano. Kesho asubuhi tunaenda Bomet, mimi na yeye na gunia lenye power saw, kumkabili yule jamaa wa duka ambaye hakunikosea kitu chochote. Nimemwambia mama tuache tu. Amekataa.

Amesema, "Wewe nyamaza, nitaongea mimi. Wewe ni mpole sana, ndiyo maana watu wanakuonea."

Karibuni kwa maoni, matusi pia nitasoma. Habari ya kabureta msiniambie, hiyo sasa naijua. Mwenye mama aliyewahi kumtetea hivi, aniambie alianzaje kumwambia ukweli, tafadhali anijibu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.