Timu Aliyoiona Babu

Juzi mwanangu alirudi mazoezini akazianika glavu zake mbichi juu ya bomba la kupashia joto, na harufu ikajaa sebule: sufi iliyolowa, ngozi, jasho la mtoto. Mume wangu alikimbilia dirisha. Mimi nilibaki nimekaa naivuta harufu ile kama mtu asiye na akili nzuri, kwa sababu ndiyo harufu ya fleti ya Babu kule Weston, Kanada, Jumamosi jioni, timu ikicheza.

Babu na Bibi walikaa ghorofa ya tisa, katika jengo la zamani lililoutazama mto Humber. Treni za kwenda mjini zikipita, vikombe vilitikisika kabatini, na Bibi alikuwa akivilaumu vikombe badala ya treni. Walitoka Tanga wakiwa watu wazima. Mama yangu alikuwa nesi wa zamu, hivyo kila mwisho wa wiki nililetwa pale na begi langu. Babu alinisemesha Kiswahili, mimi namjibu Kiingereza, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake kuhama. Methali alinifundisha kwa nguvu. Alisema mtu asiye na methali ni kama chai isiyo na iliki.

Mgeni wa Jumamosi alikuwa Frank, jirani wa mlango wa tatu, seremala mstaafu aliyefiwa na mkewe. Yeye alizaliwa mji huuhuu. Alikuwa akija mapema, akazianika glavu zake za sufi bombani, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Bibi aliwaletea chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga yenye pilipili, na Frank aliila huku machozi yakimtoka, lakini hakuiacha hata siku moja.

Sijui kama mnaifahamu timu ya mji wetu ya mpira wa magongo wa barafuni, ile ya jezi za buluu. Shabiki wake huzaliwa akisubiri kombe na huzikwa akisubiri. Wazee wale wawili walijua dawa ya subira hiyo: waliipima kila timu mpya kwa zile timu bora za zamani, za enzi ambazo kombe lilikuwa likirudi nyumbani mara kwa mara. Frank aliwataja mabeki wa enzi hizo mmoja mmoja. Babu alisikiliza, akatafuna muhogo wake, kisha akatoa hukumu. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alikuwa akiniambia. "Golikipa wa leo ana mikono. Lakini winga wa kushoto hatuna. Yule wa zamani ndiye alikuwa winga."

Hapo nilijua anaanza, nami nikasogea karibu. Winga wa Babu hakuwa na jina. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mvivu wa mazoezi. Akikaribia goli alisimama ghafla, akajifuta vumbi machoni kwa kiwiko, kana kwamba ameshachoka na mchezo. Beki akidanganyika akalegea, winga anaupitisha mpira katikati ya miguu yake na kuukuta upande wa pili. Babu alisimulia kwa Kiingereza chake cha polepole, kisha kwa Kiswahili ili nipate utamu wote. Frank aliitikia kwa kichwa. "Naam," alikuwa akisema. "Namkumbuka huyo."

Nikiwa darasa la tano, mwalimu alitupa kazi: tuilinganishe timu ya leo na mojawapo ya timu bora za zamani, tena tumhoji mtu aliyeiona kwa macho yake. Nilifurahi kupita kiasi. Wenzangu wengi wa familia zilizotoka mbali hawakuwa na mtu wa namna hiyo, mimi ninaye nyumbani. Niliandika kurasa nne. Niliandika kwamba winga wa leo ana kasi lakini hana hila, na kwamba yule wa zamani alicheza hata upepo ukivuma na vumbi likimwingia machoni.

Nilisoma mbele ya darasa kwa sauti kubwa. Mvulana mmoja aliyecheza magongo tangu ana miaka minne aliuliza vumbi limetoka wapi, juu ya barafu, ndani ya jumba lenye paa. Akauliza pia huo mpira ni upi, maana barafuni wanapiga kisahani cha raba, si mpira. Darasa zima lilicheka. Mwalimu, kwa nia ya kunisaidia, aliniuliza Babu alifika Kanada mwaka gani. Sikujua. Nilikaa chini masikio yakiniwaka moto.

Ijumaa hiyo nilimwomba Bibi anioneshe karatasi zao za zamani. Alizitunza kwenye mkebe wa biskuti, akanifungulia kwa furaha, akidhani napenda picha. Muhuri wa uwanja wa ndege ulikuwa wazi. Kombe la mwisho la timu yetu lilichukuliwa miaka sita kabla Babu hajakanyaga theluji. Nilihesabu kwa vidole mara tatu, kila mara nikiomba nimekosea.

Kesho yake timu ilikuwa inafungwa kama kawaida. Wakati wa mapumziko Babu alifuta midomo na kuanza kwamba tatizo la hawa wa leo ni winga. Nikasimama katikati ya zulia. Nilisema kwa Kiingereza, ili Frank asikose hata neno, kwamba mwaka ule wa kombe Babu alikuwa Tanga, na kwamba ile timu hakuiona hata siku moja. Kisha, ili na yeye asipate pa kujificha, nilimwambia kwa lugha yake.

"Njia ya mwongo ni fupi, Babu."

Methali hiyo alinifundisha mwenyewe. Jikoni Bibi alifunga bomba la maji.

Frank aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa mtu mwema na alitaka kuokoa jahazi. "Nimejua siku zote, binti," aliniambia. "Barafuni hakuna vumbi. Nilipenda tu kumsikiliza." Akampigapiga Babu gotini, akatabasamu.

Nilidhani yameisha, kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yameanza. Babu angeweza kugeuza kule kunaswa na mjukuu wake kuwa kichekesho. Lakini miaka yote ile alikaa pale akidhani anaaminiwa, kumbe anavumiliwa, na hilo aliambiwa nyumbani kwake, mbele ya mkewe, na mtu aliyemwita rafiki. Alimshukuru Frank kwa adabu ileile aliyoitumia kwa makarani wa ofisini. Mchezo ulipokwisha alimpa glavu zake na kumsindikiza hadi mlangoni kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwani ni hatua kumi tu.

Jumamosi iliyofuata Frank alibisha hodi, Bibi akamwambia Babu ana mafua. Iliyofuata, Babu amelala. Babu mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya televisheni, macho wazi, sauti ameizima. Mara ya tatu nilisikia nyayo zikija koridoni, zikasimama mlangoni petu, kisha zikarudi. Nilitaka kukimbia nikafungue. Nilimtazama Babu, naye hakunitazama, nikabaki nimekaa. Mwaka uliofuata binti yake Frank alikuja kumchukua wakaishi pamoja upande mwingine wa mji.

Nilingoja nigombwe. Hakuna aliyenigomba. Babu aliendelea kuninunulia peremende na kuniuliza habari za shule, lakini timu za zamani hakuzitaja tena, na mihogo ya Jumamosi ikakoma bila mtu kutangaza.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipoambiwa. Tulikuwa tunamenya njegere, Bibi na mimi. Alisema Babu alicheza mpira wa magongo Tanga, kwenye uwanja wa changarawe uliowajaza vumbi hadi kwenye meno. Winga wa kushoto alikuwa Badru, mdogo wake wa mwisho. Badru alikufa kwa homa ya matumbo mwaka mmoja kabla hawajahama, na tangu azikwe Babu hakuweza kulitamka jina lake nyumbani bila sauti kukatika. Walipofika huku akapata kazi kiwandani. Wakati wa chakula wenzake waliongea habari za timu ile bora tu, wakamuuliza yeye anakumbuka nini. Akawasimulia Badru. Wakacheka kwa furaha, wakampisha akae nao.

"Alimvisha jezi ya buluu," Bibi alisema, "na tangu siku hiyo hakuweza kumvua. Ndivyo alivyopata kumtaja."

Niliacha njegere pale pale nikaenda sebuleni. Kwa wakati huo Kiswahili changu kilikuwa kimeshatengemaa. Nilijifunza kwa bidii, na nadhani mnajua kwa nini. Babu alikuwa kwenye kiti chake, blanketi miguuni, timu ikiwa imeshafungwa manne bila jibu. Nikapiga magoti kando yake. Nikamwomba msamaha wa siku ile, kisha nikamwomba anisimulie Badru.

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayetafuta namna ya kumnyima mtoto kitu bila kumliza.

"Badru hakuwa mchezaji, mama," alisema. "Alikuwa mtoto tu."

Ndipo nilipojua nilichofanya. Mtu mmoja tu duniani alikuwa bado anamchezesha Badru, na mimi nikiwa na miaka kumi, nikiwa na haki yote na muhuri wa uwanja wa ndege, nilimfunga mdomo. Nililia pale kwenye zulia. Babu alinishika kichwa, akaninyooshea kidole kwenye televisheni.

"Waangalie hawa," alisema. "Hii ndiyo timu bora niliyopata kuiona."

Nilijifuta machozi. Nikamwambia ni kweli, Babu, hawajapata kutokea wengine kama hawa. Tulikuwa bado tunawatazama kisahani kilipoingia golini kwetu mara ya tano.