Neno Utani Mbele ya Hakimu

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni mwa mama. Hata nilipokuwa mkalimani wa mahakama mjini Tabora, zama za Mwingereza, kila asubuhi nilipita chooni mara mbili kabla ya kuingia kazini. Wenzangu walinicheka, nami nikacheka nao, lakini sikuacha. Mkalimani hubeba maneno ya mtu na kuyafikisha kwa mwingine, na mzigo ukidondoka njiani, anayeumia si mpagazi.

Mimi niliudondosha siku ya kesi ya baiskeli. Mshtakiwa alikuwa Mzaramo, fundi wa reli, mtu wa makamo aliyekaa mtaa wa Ipuli na mkewe. Mzee mmoja wa Kinyamwezi, jirani yangu pale Kanyenye, alikuwa amefariki, na Mzaramo huyo akaja mazikoni kama inavyompasa mtani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani wakipita kwao. Mtani ana ruhusa zake msibani: hulia kwa kejeli, huzuia jeneza, hunyakua kitu cha marehemu mpaka kikombolewe kwa kuku au chochote kile, na kumkasirikia ni aibu. Huyu alipanda baiskeli ya marehemu akaondoka nayo huku akipiga kengele. Tulicheka mpaka machozi yakachanganyika na yale ya msiba.

Hakucheka mtoto wa marehemu. Alikuwa amekulia Nairobi kwa mjomba wake, na utani aliusikia kama habari za wendawazimu. Hakungoja kukomboa kitu, alikwenda polisi.

Hakimu alikuwa Mzungu mkimya, mwenye mwandiko mdogo mdogo. Alimwuliza mshtakiwa kwa nini alichukua baiskeli ile. Mzaramo akajibu bila hofu, "Nimeichukua kwa utani, bwana." Nikatafuta neno la Kiingereza, likanijia lile la mzaha. Nikasema mshtakiwa anakiri kuichukua, ila alifanya mzaha tu. Hakimu akaandika. Kisha akasema kwamba mtu anayeiba msibani na kuuita wizi wake mzaha anastahili jela, na kwamba hukumu ataitoa Jumatatu.

Nilipomfasiria maneno hayo, Mzaramo alinikazia macho. "Jela?" akaniuliza. "Kwa utani?"

Nilijua kosa ni langu, na nilijua kwamba fundi akifungwa, reli haitamrudisha kazini. Lakini kusimama na kusema kwamba nimefasiri vibaya, mimi niliyekula kiapo, kulikuwa ni kujifukuzisha kazi mwenyewe, na huenda kushtakiwa juu yake. Nikatafuta wa kunisaidia. Nilikwenda kwa mdogo wa marehemu, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba aje amweleze hakimu maana ya utani.

"Mwanangu," akasema, "nikisimama pale nitakuwa nimemwumbua mtoto wa kaka yangu mbele ya Mzungu. Siwezi."

Nilimchukia mzee yule njia nzima ya kurudi nyumbani. Ni rahisi kumchukia mwoga mwenzako.

Siku zile nilikuwa nimeazimwa kitabu kinene na padre mmoja wa misheni, mzaliwa wa Marekani, aliyejua ninavyopenda mambo ya sheria. Kilikuwa historia ya sheria za kwao na ya majaji na wanachuoni waliozijenga. Jumamosi ile nilikisoma uani, nimekifunika kwa gazeti, maana sikujua Mwingereza angesemaje akinikuta na majaji wa watu wengine. Nilisoma habari za jaji mkuu wao wa zamani aliyetamka kwamba mahakama yaweza kuibatilisha sheria ya bunge ikipingana na katiba, nikageuka kutazama nyuma kana kwamba nimeyatamka mimi. Nikafika kwa majaji walioamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Nilikifunga kitabu kwa hasira, nikamlaani padre wa watu bure. Baada ya chai nikakifungua tena.

Palikuwa na jaji mmoja mwenye masharubu, aliyepata kujeruhiwa vitani ujanani, aliyefundisha kwamba sheria hutoka zaidi katika maisha ya watu kuliko katika hoja za vitabuni. Mara nyingine wenzake walimshinda kwa kura, naye akaandika vilevile alivyoona yeye. Na palikuwa na mwanachuoni aliyekwenda kukaa na wenyeji wa asili wa nchi ile ili ajue sheria zao. Hakutaka wamtajie kanuni. Aliwauliza: mligombana lini, juu ya nini, na mkaumalizaje ugomvi huo?

"Kula basi," mke wangu akasema. "Ugali unapoa, na hakimu hakukuhukumu wewe."

Badala ya kula nikamwuliza, "Kwenu Ntalikwa, mtani alipata kuchukua nini?"

Akaangua kicheko. Mzaramo mmoja, akasema, aliipua chungu cha ugali cha mama yake na kukimbia nacho; mama akamfukuza na mwiko mpaka barabarani, kisha akarudi ndani kumchukulia mboga. Mimi nikakumbuka mazishi ya bibi yangu, mtani alipojilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Nikaviandika visa vyote viwili. Angalau sasa nilikuwa na la kusema.

Jumatatu, kabla hakimu hajaanza kusoma, nilisimama. Nikasema kwamba neno utani nililolifasiri si mzaha, kwamba nimekosea, na kwamba naomba kueleza. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Na wewe ni nani kwa mtu huyu?"

Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo.

"Mtani," nikasema, kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikwisha kuniponza.

"Basi huwezi kuwa mkalimani wake. Apa upya. Wewe ni shahidi."

Nikaapishwa. Nikamhadithia hakimu chungu cha Ntalikwa na kaburi la bibi yangu, yote kwa Kiingereza. Akauliza kama kuna aliyepata kwenda polisi. Nikajibu hakuna, hata mmoja. Akamwuliza mlalamikaji, naye Kiingereza alikijua, kama aliwahi kudai baiskeli kwa njia yoyote nyingine. Hapana, akasema, huku akitazama viatu vyake. Wakati wote huo Mzaramo alisimama kizimbani asielewe neno, akiangalia midomo yangu. Mkalimani alikuwa mmoja tu mahakamani, na ndiye niliyekuwa nikitoa ushahidi.

Hakimu akafuta alichokiandika, akatamka maneno machache, akainuka na kutoka.

Mzaramo akanyoosha mikono yote miwili kwa askari ili afungwe pingu. Nikamkimbilia.

"Umeachiwa," nikamwambia. "Nenda nyumbani kwa mkeo."

Hakuishusha mikono. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

"Tafadhali, ndugu yangu," akasema. "Leo usinitanie."