Jumatatu ya Pasaka Kibarazani

Makongolosi haina ziwa. Watu wa Mbeya mjini walitucheka tuliposema tunakwenda kuogelea, wakatuuliza kama tunaogelea kwenye karai. Lakini bwawa tulikuwa nalo. Wazungu wa enzi za ukoloni walichimba dhahabu pale, wakaondoka na kuacha shimo pana kama uwanja wa mpira, na mvua za miaka mingi zikalijaza. Katikati ya miaka ya sabini, nilipofika pale nikiwa mke wa dereva wa lori, lilikuwa na jina la kujigamba. Tuliliita Bichi.

Kila Jumapili baada ya ibada nusu ya kijiji ilihamia Bichi. Watoto walielea juu ya tyubu za matairi. Wanaume walizamisha kreti za soda na bia kando ya maji zipoe, wakachoma nyama ya mbuzi, na sisi wanawake tukatandika vitenge na kufungua vyombo. Mimi natoka milimani juu ya Mbeya. Kwetu maji ni ya kuchota, siyo ya kuchezea, na mwanzoni niliona huu ni wendawazimu mtupu. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa wa kwanza kufika.

Kilichotuwezesha kuingia majini sisi tusiojua kuogelea ni kibaraza. Wachimbaji wale walikuwa wameukata ukuta wa shimo kwa ngazi, na ngazi moja, pana kama barabara, ilibaki upande wa magharibi. Wakati wa kiangazi ilikauka, ukatembea juu yake na viatu. Masika maji yalikufika kifuani, na chini ya nyayo ulisikia kokoto ngumu zilizoshikana. Mbele ya kibaraza palikuwa na ukingo, na nje ya ukingo hakuna aliyewahi kugusa chini. Mzee mmoja, aliyekuwa kibarua wa mgodi ule tangu ujana wake, alipigilia vigingi kuonyesha ukingo ulipo. Alitoa amri moja tu, na hata walevi waliiheshimu: kibaraza hakichimbwi. Chimba mtoni, chimba nyuma ya nyumba yako, lakini kibaraza ni cha watu wote.

Sisi tulikichimba.

Ilikuwa Oktoba, bwawa limekauka hadi chini ya kibaraza. Mume wangu, aliyejidai kuwa na jicho la dhahabu, aliniambia kwamba mwisho wa kibaraza, chini ya mgunga uliosimama pale kando, kuna mkanda wa kokoto nyekundu ambao Wazungu waliuruka. Siku ambazo kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la pamoja, sisi tuliugua. Mchana kweupe, yeye na sururu, mimi na karai, tulikwenda chini hadi shimo likampita kimo. Dhahabu tuliyopata ilijaza nusu ya kifuniko cha kalamu. Tukanunua redio.

Kisha tukafukia kwa mchanga ule ule niliokuwa nimeuchekecha, tukausawazisha kwa tawi na kutandaza kokoto juu yake. Nilipajaribu kwa mguu mmoja, pakanishikilia. "Mvua zitapashindilia," mume wangu akasema. "Na wewe shindilia huo mdomo." Nikacheka. Mchanga uliochekechwa hauna tope la kuushikamanisha, ukijaa maji humeza mtu, hata mtoto wa Makongolosi alilijua hilo. Mimi pia nililijua, nikajitia hamnazo.

Mdogo wangu alikuja likizo ya Pasaka kutoka Iringa, alikokuwa akisomea ualimu. Mume wangu alimpakia Mafinga kwenye lori la mbao, na akashuka mlangoni kwangu vumbi la mbao likiwa mpaka kwenye nyusi. Nilimbeba mgongoni binti yule alipokuwa mchanga, mama yetu akiwa shambani. Kwetu tulizaliwa wengi na yeye peke yake ndiye aliyefika sekondari. Mama alikuwa na desturi ya kuwaonyesha wageni daftari zake, ingawa yeye mwenyewe hakujua kusoma. Mume wangu alimshusha, akala, akaondoka tena na gari. Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka, kati ya watu wote waliokuwa Bichi, aliyejua habari za mgunga ni mimi peke yangu.

Redio yetu ilikuwa inapiga muziki wa dansi kwa sauti ya juu, na mke wa mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa karibu nami akiisifia. Mdogo wangu alifunga kitenge kifuani akaingia majini na wanawake wengine. Wanaume wakaanza maneno yao. "Mwalimu, tufundishe kuogelea!" Akawajibu kwamba kwanza walete ada, watu wakacheka, lakini nilimjua, aibu ilikuwa imemshika. Akaanza kusogea taratibu kwenda mwisho wa kibaraza, kwenye kivuli, mbali na macho yao.

Nilisimama.

"We! Rudi huku!"

"Kwa nini, dada?"

Mke wa mwenyekiti aliacha redio akanitazama.

"Maji ya huko ni baridi. Utaugua."

"Dada, mimi natoka Iringa!" Alicheka, akageuka kunielekea na kuinua mikono juu, akawa anatembea kinyumenyume ili nimwone vizuri. "Baridi ya Makongolosi utanitishia mimi?"

Akapiga hatua mbili. Hakupiga kelele. Kitenge kilivimba juu ya maji kwa hewa iliyokuwa ndani yake, kisha nacho kikaenda.

Niliyepiga kelele ni mimi. Vijana waliacha nyama wakajitosa, na mzee wa vigingi akaja mbio na fimbo yake ndefu. "Ameteleza ukingoni!" akawaambia. "Zameni nje ya vigingi! Nje!" Wakazama nje ya vigingi. Walizama wakatoka mikono mitupu, wakavuta pumzi, wakazama tena.

"Siyo huko!" nikalia. "Pale! Chini ya mgunga!"

"Mama, pale ni kibaraza," mzee akaniambia, na aliniambia kwa huruma. "Pale hapazami mtu. Nimekikata mwenyewe kibaraza hiki, kwa mikono hii."

"Nimemwona kwa macho yangu!"

"Maji yanadanganya macho, mwanangu. Tazama huyo amesimama." Na kweli kijana mmoja alikuwa amesimama kibarazani, hatua chache tu kutoka pale, maji kifuani, akinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mshikeni huyu mama, amechanganyikiwa."

Mke wa mwenyekiti akanikumbatia kwa nyuma. Sentensi moja tu ndiyo iliyokuwa inatakiwa. Pale tumechimba. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikaona mume wangu akipelekwa polisi, nikaona tunafukuzwa kijijini, nikaona wanawake hawa hawa wakihamisha vitenge vyao mbali na changu. Yote hayo niliyapima, moja baada ya jingine, na mdogo wangu yuko chini ya maji. Watu husema mtu huduwaa katika hali kama ile. Mimi sikuduwaa. Akili yangu haijawahi kuwa nyepesi kama siku ile, na niliitumia kwa kazi hiyo.

Mwisho nilimng'ata mkono mke wa mwenyekiti na kukimbilia majini. Sijui kuogelea hadi leo. Nilikimbia juu ya kibaraza, maji yakinirudisha nyuma, hadi chini ya mgunga, na niliruka makusudi. Nilikuwa tayari kufa kuliko kusema. Mchanga ulinimeza hadi magotini, maji yakafunika kichwa, na unyayo wangu wa kushoto ukakanyaga kitu laini. Ulikuwa mgongo.

Walinivuta kwa fimbo ya mzee na kwa nywele. Hapo ndipo walipoamini, wakazama pale, na kumtoa haikuwa kazi ndefu. Alikuwa karibu namna hiyo. Walimlaza juu ya tyubu, wakamkandamiza mgongo maji yakamtoka puani, wakamgeuza, wakaanza tena. Mzee ndiye aliyekataa kuacha. Alikandamiza hadi jua likashuka nyuma ya mgunga na wanaume wawili wakamwondoa kwa nguvu. Redio ilikuwa bado inapiga. Nilikwenda nikaizima.

Mume wangu aliporudi, tulimsafirisha hadi nyumbani, milimani, nyuma ya lori lile lile. Mimi na shangazi zangu tulimwosha. Nywele zake zilikuwa zimejaa mchanga, nikazichana polepole, na mchanga ukadondoka kwenye beseni. Ulikuwa msafi, hauna tope hata chembe. Kila punje ilikuwa imepita mikononi mwangu.

Mume wangu alilia kuliko mtu yeyote msibani, na watu wakamsifu kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa shemeji yake. Hatukuangaliana usoni. Mimi walinisifu zaidi. Habari zilikuwa zimefika kabla yetu, na kila mgeni aliyeingia Mama alimshika mkono na kumwonyesha nilipokaa. "Huyo ndiye aliyemfuata mwenzake majini," alisema. "Hajui kuogelea, lakini alimfuata."

Siku ya tatu mzee wa vigingi alifika. Alikuwa amesafiri kutoka Makongolosi peke yake, juu ya magunia kwenye lori la mizigo. Aliingia uani mbele ya watu wote, akavua kofia na kupiga magoti mbele ya mama yangu.

"Mama, nisamehe. Kibaraza kimebomoka na mimi sikujua. Dada mtu alipiga kelele, alisema ni pale, mimi nikasema hapana. Ningemsikiliza, mtoto angepona. Nimekuja uniambie unanifanyaje."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Sentensi yangu ilirudi tena mdomoni, nzima kama ilivyokuwa siku ile, na safari hii hapakuwa na maji wala haraka yoyote. Nilikuwa na nafasi yote ya kuisema.

"Simama, baba," Mama akasema. "Wewe hukumtakia mabaya. Nimekusamehe, na Mungu ananisikia." Kisha akanigeukia. "Mgeni ametoka mbali. Mletee maji anawe, ale."

Nilikwenda nikaleta birika na beseni. Mzee alikuwa analia bado. Alinyoosha mikono yake juu ya beseni, akaniambia asante mwanangu, nami nikammiminia maji.