Fundi aliyezima taa, akapoteza mgeni

Saa mbili asubuhi fundi ameshainama ndani ya gari la mteja, miguu nje, akichomeka waya wa mashine ya kupimia chini ya usukani. Kwenye dashibodi taa ya injini imewaka. Mwenye gari, kijana mwenye haraka zake, hataki maelezo.

"Fundi, nizimie tu hiyo taa. Inanikera."

"Kuzima ni dakika moja," anajibiwa. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Ngoja kwanza tujue linaumwa nini."

Plagi moja imekufa. Inabadilishwa, taa inazimika, na kijana anaondoka bila hata kwaheri. Gereji inarudia ukimya wake.

Hapa wanamwita Daktari Taa. Ana miaka hamsini na nane, na umeme wa magari ameufanyia kazi tangu hajaota ndevu. Chumba chake kiko nyuma ya kituo cha mafuta: meza, waya zinazoning'inia, viti viwili vya plastiki, chupa ya chai. Siku nzuri hupata magari manne. Siku nyingine hapati hata mtu wa kuuliza njia. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na watoto wako mbali.

"Nyumbani naongea na redio," anasema. "Ubaya wake, haijibu."

Anacheka peke yake. Mwandishi wa makala haya alishindwa kucheka naye.

Aliyekuwa akimjibu ni nesi mstaafu, mjane, mwenye kigari cha bluu. Mara ya kwanza alifika roho mkononi: taa imewaka, injini inakufa! Fundi akapima, akakuta kifuniko cha tangi la mafuta hakikukazwa. Mvuke wa petroli ukivuja, gari hulalamika kwa kuwasha taa hiyo. Akakikaza, akaizima taa, akakataa malipo. Nesi akakaribishwa chai, wakaongea mpaka chupa ikakauka.

Baada ya wiki mbili taa ikawaka tena. Kifuniko kilekile. Kisha tena na tena, karibu mwaka mzima.

"Nilidhani ni usahaulifu," anasema fundi. "Nikamwonea huruma dada wa watu. Nikamtafutia kifuniko kipya, kile kinacholia ka-ka-ka ukikikaza. Nikamwambia, 'Dada, umepona, hutasumbuka tena kuja huku.' Akanitazama weee. Akasema, 'Ahsante, fundi. Umenitibu kweli.' Akaondoka bila kunywa chai."

Huu ni mwezi wa pili. Hajarudi.

Ilimchukua fundi siku nyingi kuelewa. Mwanamke aliyegawa dawa za wagonjwa miaka yote ile bila kukosea, kifuniko alikisahauje kila mara?

"Nesi hakusahau kitu. Mimi ndiye mjinga, ndugu mwandishi. Taa zote nilizozima, ile moja ningeiacha iwake."

Anageuka kupanga spana ambazo zimeshapangwa. Inauma kumtazama mtu mzima akiuonea haya upweke wake.

Namba ya simu ya nesi anayo. Mara kadhaa ameitafuta, kisha akairudisha simu mfukoni. Fundi humpigia mteja kwa habari ya gari, na gari lile halina neno.

Jumamosi hii, hata hivyo, atafunga mapema. Nyumba anaijua, ni mtaa wa pili, yenye geti la kijani. Shati ameshalipiga pasi.

Na akiulizwa amefuata nini?

"Nitasema ukweli. Gari lako ni zima, dada. Mimi ndiye nimeshindwa kunywa chai peke yangu."