Pilipili kwenye Mguu wa Watasema

Msimu ule wa kuvuna mpunga, kijijini kwetu Wamaza tuliamshwa kila alfajiri na sauti ya ulimi. Watasema, mbwa wa kuwinda wa baba yangu, Papa, alilala kwenye vumbi nyuma ya jiko akijilamba mguu wa mbele, mfululizo, kama mwenye kiu isiyoisha. Manyoya yalinyonyoka, ngozi ikawa nyekundu na mbichi, na bado alilamba. Papa alikuwa amekwenda Kasongo kwa baiskeli kuuza mchele. Aliponiaga alisema, "Imbwa ninakuachia wewe." Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na neno lile nililibeba kama mtungi uliojaa.

Jirani yetu Mama Feza alimtazama mbwa, akasema, "Ile ni tabia mubaya tu. Umupake pilipili, ataacha." Nikatwanga pilipili huku macho yakinitoka machozi, nikampaka. Watasema alilamba mara moja, akatoa kilio ambacho sikujua mbwa anacho. Kisha akarudia kulamba, akilia na kulamba. Nikadhani dawa haijatosha. Nilimpaka siku tatu, na siku ya tatu nilimfunga kamba kwanza ili asinikimbie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Papa aliporudi hakupumzika hata kidogo. Alimshika Watasema mguu, akapanua vidole vyake, akachungulia katikati yake.

"Mutoto wangu, uliangalia huku ndani?"

"Hapana, Papa."

"Iko funza. Tatu."

Aliwatoa kwa pini, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akalifagia vumbi lote la pale alipolala. "Imbwa hana mikono," akaniambia polepole. "Anajikunia na ulimi." Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Baada ya wiki chache kidonda kilifunga, na Watasema akarudi porini kuwinda. Lakini nikimpelekea bugali, alingoja niweke chini na kuondoka ndipo ale. Ikawa hivyo mpaka alipokufa.

Sasa ninaishi Kasongo, na wanangu wana mbwa wao. Siku hizi ninajua sababu za mbwa kujilamba ni nyingi: funza, kupe, kidonda, hata upweke wa kufungwa kutwa. Majuzi binti yangu alikuja kuniambia mbwa anajilamba kupita kiasi. Kabla sijainuka alikwisha kuchuchumaa, akiuchunguza ule mguu taratibu, na mbwa amemwachia, ametulia kabisa mapajani mwake. Niliwatazama kutoka mlangoni, nikamwonea wivu mwanangu mwenyewe.